Kikundi cha Sanaa za Jukwaani Wakati wa Janga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa waigizaji, wachezaji ngoma, waelekezi na mafundi wa taa wa Nairobi. Mengi yaliulizwa katika miezi ya korona, na mengine bado huulizwa kila habari za mlipuko mpya zinaposikika. Ninayajibu kama mtayarishaji aliyekuwa na kikundi kidogo wakati kumbi zilipofungwa, na ninaamini kwamba kikundi ni watu wake kabla ya kuwa mchezo, jina au ukumbi. Mahali ambapo jibu limeshatolewa, msomaji ataelekezwa kwenye swali linalohusika.

## Siku za kwanza

1. Janga likitangazwa, kikundi kifanye nini katika wiki ya kwanza?

Kiwaite watu wake wote, hata kwa simu, na kiwaambie ukweli kuhusu pesa. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye amri ya kufunga shule ilitolewa, na tarehe 27 mwezi huohuo kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza. Muda wa kutoka kwenye mazoezi ya kawaida hadi jukwaa lenye giza ulikuwa wiki mbili tu. Viongozi walionyamaza wakingoja hali itulie walijikuta mwezi wa Mei wakiwa na waigizaji waliotawanyika, wengine wamerudi mashambani kabla Nairobi haijafungwa tarehe 6 Aprili, na wengine wakiwa na kinyongo kwa sababu hakuna aliyewapigia simu.

Andikeni ukurasa mmoja wenye mambo manne: pesa zilizopo, madeni, kazi zilizokwisha kukubaliwa na wateja, na majina ya wote wanaotegemea kikundi kwa riziki, akiwemo mshona maleba (mavazi ya jukwaani) na kijana wa kubeba vyombo. Ukurasa huo usomwe mbele ya wote. Mtu anayejua kwamba sanduku lina shilingi 40,000 hatashuku kwamba lina 400,000.

2. Je, tuahirishe onyesho au tulifute kabisa?

Ahirisheni ikiwa mnaweza kutaja tarehe mpya na mwenye ukumbi ameikubali kwa maandishi. Ikiwa hamwezi, futeni. Kuahirisha mara tatu mfululizo huchosha hadhira kuliko kufuta mara moja, na huwafanya waigizaji waendelee kukataa vibarua vingine wakingoja siku isiyokuja.

3. Pesa za tikiti zilizokwisha kununuliwa ni za nani?

Ni za mtazamaji mpaka pazia lifunguliwe. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ni desturi ya vikundi vingi mjini kutumia pesa za tikiti za mapema kulipia mbao za jukwaa na matangazo, na janga lilipokuja hakukuwa na cha kurudisha. Mpeni kila mtazamaji hiari ya kurudishiwa pesa, kuhifadhiwa nafasi katika onyesho lijalo, au kukiachia kikundi kiasi hicho kama mchango. Wengi huchagua kuacha mchango pale wanapoulizwa kwa heshima, lakini asiyeulizwa huhesabu kwamba ameibiwa.

## Fedha na riziki

4. Kikundi kinapaswa kuwa na akiba ya kiasi gani?

Anzeni na gharama ambazo hazikomi hata pasipo onyesho: kodi ya stoo, ada za usajili, simu na intaneti, na mshahara wa yeyote aliyeajiriwa kwa mwezi. Zidisheni jumla hiyo kwa miezi mitatu. Hapo ndipo pa kuanzia, ingawa korona ilidumu zaidi. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, baada ya takriban miezi kumi na tisa.

Njia iliyotufaa ni ile ambayo kila mwanachama wa chama cha kuweka akiba anaijua: kutenga sehemu moja ya kumi ya mapato ya mlangoni kabla ya kugawana chochote, na kuiweka katika akaunti inayohitaji sahihi za watu watatu. Sehemu ya kumi inaonekana ndogo usiku wa onyesho zuri, na wapo watakaonung'unika kwamba nauli yao imepunguzwa. Waacheni wanung'unike.

5. Waigizaji wetu hulipwa kwa onyesho. Onyesho lisipokuwepo, tunawadai nini na wao wanatudai nini?

Kisheria jibu hutegemea makubaliano yaliyopo, na ndiyo sababu makubaliano ya mdomo yaliwaumiza watu wengi. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 37, inaeleza kwamba kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mkataba; kwa hiyo kikundi kilichokuwa na fundi wa taa aliyefika kila siku kwa miezi minane hakiwezi kusema kwa urahisi kwamba hakikumwajiri. Mwigizaji aliyeitwa kwa mchezo mmoja, akakubali malipo ya kila onyesho, yuko katika hali tofauti.

Lakini swali hili kwa kawaida huulizwa kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba mtayarishaji hana pesa na anawaona wenzake wakikosa chakula. Nairobi haina waigizaji wengi wenye mshahara. Mtu mmoja hucheza mchezo wa vichekesho mwishoni mwa juma, huigiza vitabu teule vya fasihi mashuleni katikati ya juma, huendesha harusi kama mshereheshaji Jumamosi mchana, na hupata tangazo la redio mara moja kwa mwezi. Machi 2020 milango yote minne ilifungwa kwa pamoja. Mhasibu wa kampuni yoyote angesema kwamba mtu mwenye vyanzo vinne vya mapato yuko salama. Msanii alikuwa na vyanzo vinne vilivyotegemea jambo moja, watu kukusanyika.

Sisi tulifanya mambo mawili. Kwanza, tulilipa nusu ya malipo ya mazoezi yaliyokwisha kufanyika, ingawa mkataba ulisema malipo ni baada ya onyesho, kwa sababu kazi ilikuwa imefanywa. Pili, tulianzisha kapu la chakula lililoendeshwa na wanachama wenyewe, na waliopokea walijulikana na mwekahazina peke yake. Siri hiyo ilikuwa muhimu kuliko unga. Mwigizaji aliyezoea kushangiliwa hawezi kuinua mkono mbele ya wenzake na kusema hana chakula, na tungetaka ainue mkono, tungewapoteza wale waliohitaji zaidi.

6. Je, tuuze taa, spika na maleba ili tuishi?

Uzeni kwa mpangilio. Vitu vinavyoweza kukodishwa kwa bei nafuu baadaye, kama spika na jenereta, vitangulie. Maleba yaliyoshonwa kwa vipimo vya watu wenu, ngoma na vinyago vibaki mwisho, kwa kuwa bei yake sokoni ni ndogo na gharama ya kuvirudisha ni kubwa. Kabla ya kuuza, jaribuni kukodisha: katika miezi hiyo makanisa na misikiti ilihitaji vifaa vya kupeperushia ibada, na taa za jukwaa zilipata kazi mpya.

7. Mwenye stoo anadai kodi. Tumwambie nini?

Mwendeeni kabla hajawaendea, mkiwa na ukurasa ule wa swali la 1, na mwombe kulipa sehemu kila mwezi kwa maandishi badala ya kuomba kusamehewa yote. Akikataa, hamisheni vyombo nyumbani kwa wanachama wenye nafasi, kila kitu kikiandikwa kilikokwenda. Stoo yetu ya kwanza tuliipoteza kwa kuchelewa kusema. Mwenye nyumba aliweka kufuli lake juu ya letu, na ikatuchukua miezi mitano kuyaona maleba tena, yakiwa na ukungu.

8. Serikali na wafadhili husaidia wasanii wakati wa janga?

Husaidia, lakini msaada huwafikia walioandikishwa na wenye karatasi zilizo sawa. Mwezi wa Aprili 2020 Rais alitangaza shilingi milioni 100 kwa wasanii kutoka Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Mwezi huohuo ushuru wa thamani ya ziada ulishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na waliolipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi wakaondolewa ushuru wa mapato ya kazi. Nafuu hizo mbili za mwisho zilimfaa mwenye mshahara na mwenye duka. Mwigizaji wa kulipwa kwa onyesho hakuwa na hati ya mshahara ya kupunguziwa chochote.

Kwa hiyo, wekeni mambo haya tayari wakati wa amani: cheti cha usajili cha kikundi, cheti cha kutimiza wajibu wa ushuru, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, hesabu za miaka miwili, na orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho. Wafadhili, vikiwemo vituo vya utamaduni vya nchi za nje vilivyoko mjini, huomba karibu karatasi hizohizo, na muda wa kutuma maombi huwa mfupi.

9. Tunaishi kwa kuigiza vitabu teule mashuleni. Shule zikifungwa, je?

Hapo hakuna njia ya kupunguza pigo, na ni afadhali kulijua mapema. Shule zilizofungwa Machi 2020 zilifunguliwa Oktoba kwa madarasa machache yenye mitihani na Gredi ya Nne, na kwa wanafunzi wote Januari 2021. Hata baada ya kufunguliwa, mihula ilifupishwa na walimu wakuu hawakutaka wageni ishirini kutoka mjini ndani ya bwalo. Vikundi vilivyorekodi tamthilia hizo kwa sauti, vikaambatanisha maswali ya marudio na kuwauzia walimu moja kwa moja kwa simu, vilipata kitu kidogo. Kuhusu idhini ya mwandishi, tazama swali la 12.

## Jukwaa la mtandaoni

10. Je, kupeperusha michezo mtandaoni kunaweza kuchukua nafasi ya ukumbi?

Kwa mapato, hapana, isipokuwa kwa wachache waliokuwa na jina kubwa na kumbukumbu ya rekodi nzuri tangu zamani. National Theatre ya London ilianza kuonyesha michezo yake bure mtandaoni mwanzoni mwa Aprili 2020, wiki chache tu baada ya kufunga, kwa sababu tayari ilikuwa na michezo iliyorekodiwa kwa kamera nyingi kwa ajili ya sinema. Kikundi cha Nairobi kinachoanza na simu moja juu ya kigoda hakipaswi kujipima kwa kipimo hicho, na mtazamaji aliyenunua bando kwa pesa zake hatakaa saa mbili akitazama picha iliyo mbali na sauti yenye mwangwi.

Mtandao una faida nyingine. Huwaweka watu wenu kazini, hata kama ni dakika kumi kila juma, na hukumbusha hadhira kwamba mko hai. Fupisheni. Onyesho moja la mtu mmoja, lililoandikwa kwa ajili ya kamera iliyo karibu na uso, lilitufaa kuliko mchezo mzima uliopigwa picha kutoka mstari wa nyuma. Sauti nayo isisahauliwe: mchezo wa redio uliogawanywa kwa vipande vya dakika nane hupita kwenye WhatsApp kwa bando dogo, humfikia mtu aliye Kibera, Kitui na Doha kwa siku moja, na haudai maleba wala mandhari. Waigizaji wetu wakongwe waliokulia kwenye redio walikuwa walimu bora wa miezi hiyo.

11. Watazamaji walipeje?

Kwa M-Pesa, kabla ya onyesho, kupitia namba ya malipo ya kikundi badala ya simu ya mtu binafsi. Wakati wa korona ada ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 iliondolewa hadi mwisho wa 2020, na hilo lilisaidia tikiti ndogo za shilingi 200 au 300. Ombi la mchango wa hiari mwishoni mwa onyesho huleta kidogo zaidi ya ukimya, tajeni bei.

12. Tuna haki ya kuigiza tamthilia hii jukwaani. Je, tunaweza kuirekodi na kuipeperusha?

Si lazima. Idhini ya kuigiza mbele ya hadhira na idhini ya kurekodi na kusambaza ni vitu viwili, na mwandishi au mchapishaji anaweza kutoa moja akanyima nyingine. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ya maandishi hulindwa katika maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Waigizaji pia wana haki zao juu ya kurekodiwa kwa uigizaji wao, kwa hiyo sahihi zao zinahitajika, pamoja na makubaliano ya mgao ikiwa rekodi itaendelea kuuzwa. Muziki wa watu wengine uliozoeleka ukumbini unaweza kusababisha rekodi kuondolewa mtandaoni, hivyo tungeni wenu.

## Mazoezi na afya

13. Kwa nini kuimba na kutoa sauti kubwa kuliogopwa kuliko kukaa pamoja tu?

Kwa sababu pumzi ndiyo iliyobeba virusi, na mwimbaji hutoa pumzi nyingi kwa nguvu. Tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington nchini Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya ya saa mbili na nusu. 53 waliugua au kudhaniwa kuugua, na wawili walifariki. Mwigizaji anayefunzwa kuifikisha sauti yake kiti cha mwisho hana tofauti kubwa na mwanakwaya huyo. Tulipunguza sauti katika mazoezi ya awali, tukazitoa kamili siku za mwisho tu, uwanjani.

14. Mazoezi ya nje yanatosha kutulinda?

Ni salama zaidi kuliko chumba kilichofungwa madirisha, na Nairobi ina bahati ya hali ya hewa inayoruhusu jambo hilo sehemu kubwa ya mwaka. Mkilazimika kuingia ndani, fungueni madirisha ya pande mbili ili hewa ipite, fanyeni vipindi vifupi, na gawanyeni kikundi katika makundi madogo yasiyochanganyika hadi juma la mwisho. Sabuni na maji visikosekane, lakini msidhani kwamba chupa ya kitakasa mikono mlangoni inafanya kazi ya dirisha.

15. Mwigizaji akiugua siku mbili kabla ya onyesho, tufanyeje?

Akae nyumbani, alipwe, na nafasi yake ijazwe na aliyeandaliwa. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayowezesha la kwanza. Mwigizaji anayejua kwamba akikohoa atapoteza malipo atameza dawa na kuja, na hapo mtakuwa mmeununua ugonjwa kwa pesa zenu. Chagueni michezo yenye wahusika wachache, na kila mtu ajifunze nafasi ya pili tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Ikiwa hamwezi kumwandaa mbadala kwa mhusika mkuu, tangazeni mapema kwamba onyesho litasogezwa akiugua.

## Kufungua tena

16. Onyesho letu huanza saa moja jioni. Kafyu ikiwepo, tunaanza lini?

Hesabuni kinyumenyume kutoka saa ya kafyu. Mnamo Juni 2020 ilisogezwa hadi saa tatu usiku, mwishoni mwa Septemba hadi saa tano, kisha Machi 2021 ikarudishwa nyuma hadi saa mbili kwa Nairobi na kaunti nyingine nne. Mtazamaji wa Kayole au Rongai anahitaji saa moja na nusu kufika nyumbani, hasa matatu zinapobeba asilimia 60 tu ya abiria wake, kama wakati wa korona. Mwigizaji naye huondoka nusu saa baada ya mtazamaji, na fundi wa taa saa nzima baadaye. Sisi tulianza saa nane mchana na kuondoa mapumziko, mchezo wa dakika 70 bila kusimama. Wazee waliokuwa wameacha kuja usiku walirudi, na mpaka leo tunabakiza onyesho moja la mchana.

17. Kujaza theluthi moja tu ya viti kuna faida?

Mara nyingi hakuna. Tuseme ukumbi una viti 300 na tikiti ni shilingi 1,000: theluthi moja ni shilingi 100,000. Ondoeni kodi ya ukumbi, taa, matangazo na watu kumi, na mtabaki na deni. Tulifanya maonyesho mawili kwa siku moja katika ukumbi mdogo uliokubali kulipwa asilimia ya mapato badala ya kodi kamili. Mwenye ukumbi aliye na jengo tupu husikiliza hoja hiyo.

18. Hadhira imezoea kukaa nyumbani. Itarudi?

Hurudi polepole, na wa kwanza kurudi ni wale mliowasiliana nao wakati wa kimya. Waliorudishiwa pesa bila mabishano (swali la 3) walikuwa mstari wa mbele.

## Hali za pekee

19. Mwenzetu amefariki kwa ugonjwa huohuo. Je, tuendelee na mchezo?

Ulizeni familia yake, kisha ulizeni kikundi, kwa mpangilio huo. Katika korona mazishi yalifanywa haraka na kwa watu wachache, na wasanii wengi hawakupata kuwaaga wenzao. Ikiwa mtaendelea, tengeni jioni moja isiyo na tikiti ambapo jukwaa litakuwa mahali pa matanga, ngoma zipigwe na waliomfahamu waseme. Nafasi yake katika mchezo asipewe mtu siku hiyohiyo.

20. Je, ni aibu kukifunga kikundi?

Si aibu, mradi kifungwe kwa mkutano, hesabu zisomwe na madeni ya wasanii yalipwe kwanza. Magonjwa yaliyavunja hata makundi ya enzi za kale: tauni ilipofunga kumbi za London kati ya 1592 na 1594, wengine walizunguka miji midogo na wengine wakavunjika, na mwaka 1594 waigizaji waliosalia walijipanga katika makundi mapya, likiwemo lile ambalo Shakespeare alikuwa mmoja wa wabia wake. Ubia ndio uliowafaa: waligawana hasara kama walivyogawana mapato.

21. Tulikuwa katikati ya mazoezi janga lilipoingia. Tuanzie tulipoachia?

Hapana, anzeni mezani, ukurasa wa kwanza. Sisi tuliacha mazoezi tukiwa katika sehemu ya pili ya mchezo mwezi wa Machi 2020 na tukaurudia baada ya mwaka mmoja na nusu, tukiwa na daftari la meneja wa jukwaa lenye kila hatua. Daftari lilikuwa sahihi, lakini watu walikuwa wamebadilika. Msichana aliyekuwa akicheza binti alikuwa amejifungua na akaomba nafasi ya mama. Mzee aliyecheza babu hakuweza tena kupanda ngazi za mandhari, tukazikata kwa msumeno. Na mazungumzo yaliyohusu chumba cha hospitali, ambayo zamani waliyapita haraka kufikia kichekesho kinachofuata, yalisomwa taratibu siku ile, na mwelekezi akayaacha yabaki hivyo.